Mshairi na Povu la Bahari ya Kusini

Mwaka 1720, jijini London, hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilipanda kutoka takriban pauni 128 mwezi Januari hadi karibu pauni 1,000 katikati ya mwaka. Kampuni yenyewe iliwakopesha watu fedha wazinunue. Mshairi John Gay alikuwa nazo. Samuel Johnson asimulia kwamba mshairi mwenziwe, Elijah Fenton, alimnasihi auze walau kiasi cha kumpatia shati safi na kitoweo cha kila siku maishani. Gay akakataa. Kufikia Desemba hisa zilishuka chini ya pauni 200. Faida na mtaji vikamponyoka. Hakuna ajuaye povu litapasuka lini. Kitoweo cha kesho na kitengwe kwanza.