Tauni ya Lushoto na Wajibu wa Istilahi

Tauni ilizuka wilayani Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi, mwaka 1980, ikawa inajirudia hadi 2004. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 kati yao wakafa. Historia hiyo ina funzo kwa waandishi wa habari na kwa wataalamu pia.

Kosa huanzia katika neno lenyewe. Katika Biblia ya Kiswahili, tauni ni maradhi yoyote yaangamizayo watu kwa wingi. Kwa tabibu, ni ugonjwa mmoja tu, uletwao na bakteria waliogunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha kuwa kiroboto ndiye autoaye ugonjwa huo kwa panya na kuueneza. Mwandishi apendaye ufupi huandika "ugonjwa wa panya", na kiroboto husahauliwa. Msomaji naye hukimbilia kuua panya. Viroboto, wakikosa panya, humrukia yeye.

Mwandishi asilaumiwe peke yake. Gazeti halimngoji, na taarifa ya kitaalamu mara nyingi humjia kwa Kiingereza. Mtaalamu na ampe sentensi tatu za Kiswahili: chanzo ni nini, mwenezaji ni nani, na kipi kifanywe kwanza. Maneno tunayo: bakteria, kiroboto, mtoki. Asomaye kwamba mtoki wenye homa huweza kuwa tauni atawahi hospitali, ambako dawa ya kuutibu ipo.