Wasia wa Joseph Pulitzer

Matajiri wengi hufa wakaacha mali, mali hiyo ikaliwa na warithi mpaka ikaisha, na jina la marehemu likasahauliwa pamoja nayo. Wachache huacha jambo ambalo huzungumzwa kila mwaka, na hata kugombaniwa, zaidi ya miaka mia moja baada ya wao kuzikwa. Mmoja wa hao wachache ni Joseph Pulitzer, mwenye magazeti wa Marekani, ambaye wasia wake ndio asili ya tuzo zitolewazo kila mwaka kwa waandishi wa habari, waandishi wa vitabu na watunzi wa muziki. Jina lake hutajwa mara nyingi, lakini historia ya tuzo zenyewe, pamoja na aibu zake, haijulikani sana na vijana wetu. Nami naona yafaa ijulikane, kwa kuwa imegusa hata nchi hii ya Kenya.

Pulitzer alizaliwa tarehe 10 Aprili 1847 katika mji wa Makó, nchini Hungaria. Alipokuwa kijana alitamani uaskari, lakini majeshi ya Ulaya yalimkataa kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu na mwili wake mwembamba. Wakati huo Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini walikuwa wakipigana wao kwa wao, na wajumbe wa Kaskazini walikuwa wakitafuta askari hata huko Ulaya. Basi mwaka wa 1864, akiwa na umri wa miaka 17, akavuka bahari, akaandikwa katika kikosi cha wapanda farasi. Vita vilipokwisha hakuwa na kazi, wala fedha, wala Kiingereza cha kutosha. Akaenda St. Louis, akachunga nyumbu, akahudumu mezani, na kila alipopata nafasi akaingia maktabani kujifunza Kiingereza na sheria. Husimuliwa kwamba siku moja humo maktabani aliwatazama watu wawili wakicheza sataranji, akatoa neno juu ya hatua moja ya mchezo. Wale wakaistaajabia akili yake, wakazungumza naye. Kumbe walikuwa wahariri wa gazeti la Kijerumani lililoitwa Westliche Post. Mwaka wa 1868 gazeti hilo likampa kazi.

Tangu hapo alipanda upesi. Mwaka wa 1878 alinunua gazeti la Dispatch mnadani, akaliunganisha na jingine, likawa St. Louis Post-Dispatch. Mwaka wa 1883 akaenda New York, akanunua gazeti la World kutoka kwa tajiri Jay Gould kwa dola 346,000. Gazeti hilo lilikuwa likipata hasara, yeye akalifufua. Alijua kwamba mji ule umejaa wageni maskini waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama alivyojifunza yeye, akawaandikia kwa maneno mepesi na kuwatetea. Mwaka wa 1887 mwandishi wake wa kike, Nellie Bly, alijifanya ana wazimu ili apate kufungiwa katika hospitali ya wendawazimu kwenye kisiwa cha Blackwell. Akakaa humo siku kumi, akatoka na habari za mateso ambazo serikali haikuweza kuzifumbia macho.

Liko tendo jingine la gazeti hilo ambalo lingali linaonekana kwa macho hata leo. Wafaransa walipowapa Wamarekani ile sanamu kubwa ya Uhuru, ilikosekana fedha ya kujenga jukwaa la kuisimamisha, na matajiri wakageuza nyuso zao. Mwaka wa 1885 Pulitzer akawaomba wasomaji wake, akaahidi kuchapa jina la kila mtoaji hata akitoa senti chache. Watu zaidi ya 120,000 wakachanga, wengi wao chini ya dola moja, na dola zaidi ya 100,000 zikapatikana. Sanamu ile yasimama juu ya senti za maskini.

Lakini mtu huyu huyu alitenda na mabaya, wala sioni haja ya kuyaficha. Mwaka wa 1895 tajiri kijana, William Randolph Hearst, alinunua gazeti la Journal mjini New York, na mashindano makali yakaanza. Kila mmoja alitaka vichwa vya habari vikubwa kuliko vya mwenzake, na damu nyingi zaidi katika kurasa zake. Watu wakayaita magazeti ya manjano, kutokana na katuni ya mtoto aliyevaa kanzu ya manjano, ambayo magazeti yote mawili yaliigombania. Meli ya kivita ya Maine ilipolipuka katika bandari ya Havana mwezi wa Februari 1898, hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kutosha juu ya aliyeilipua, lakini magazeti hayo yaliandika kana kwamba mkosaji amekwisha kujulikana, yakachochea hasira za watu dhidi ya Hispania. Vita vikafuata mwaka ule ule.

Yamkini Pulitzer alijuta. Wakati huo alikuwa karibu kipofu, na mishipa yake ya fahamu imeharibika hata asiweze kuvumilia mlio wa kijiko sahanini. Aliishi aghalabu melini baharini, huku makatibu wakimsomea. Katika wasia wake wa mwaka wa 1904 aliagiza Chuo Kikuu cha Columbia kipewe dola milioni mbili za kuanzisha shule ya uandishi wa habari, na robo ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya tuzo na misaada ya masomo. Wakati ule watu wengi waliona ni kichekesho kumfundisha mtu chuoni kazi iliyofundishwa mitaani. Pulitzer alifariki tarehe 29 Oktoba 1911, ndani ya meli yake katika bandari ya Charleston. Shule ikafunguliwa mwaka wa 1912, na tuzo za kwanza zikatolewa mwezi wa Juni 1917.

Orodha ya mwaka huo wa kwanza ni fupi. Tuzo ya habari ilimwendea Herbert Bayard Swope kwa makala zake juu ya Ujerumani wakati wa vita. Swope alikuwa mwandishi wa gazeti la World, yaani gazeti la marehemu mwenyewe, na msomaji ana ruhusa ya kutabasamu. Tuzo ya historia alipewa Jules Jusserand, balozi wa Ufaransa. Mabinti wa Julia Ward Howe wakapata tuzo kwa kitabu cha maisha ya mama yao. Riwaya na tamthilia hazikupewa kitu.

Sasa yatupasa kueleza jinsi mshindi anavyochaguliwa, kwa maana hapo ndipo penye fundo. Kazi husomwa kwanza na kamati ndogo za watu wanaoijua fani, nazo hupendekeza majina, siku hizi matatu kwa kila tuzo. Kisha majina hupelekwa kwa Baraza, ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho. Baraza laweza kumchagua mmoja wao, au kuwakataa wote, au kumchukua mwingine kabisa. Hivyo wasomao kwa kina si wao waamuao. Pulitzer alilipa Baraza hilo uwezo mkubwa wa kubadili taratibu kadiri nyakati zibadilikavyo, na uwezo huo umeleta heri na shari pia.

Shari ilianza mapema. Mwaka wa 1921 waamuzi wa riwaya waliipendelea Main Street ya Sinclair Lewis, kitabu kilichowacheka watu wa miji midogo. Wakubwa wao wakakikataa, wakampa tuzo Edith Wharton kwa The Age of Innocence. Wharton alikuwa mwandishi hodari, na hakuna awezaye kusema hakustahili. Lakini sababu ya kumpa ilikuwa mbovu, kwani kanuni za wakati ule zilidai riwaya ioneshe adabu njema ya maisha ya Kimarekani. Lewis alipopewa tuzo mwaka wa 1926 kwa kitabu chake Arrowsmith, aliikataa, akaeleza kwamba tuzo za namna hiyo huwafanya waandishi wawe wapole na watiifu. Wengine walisema ni kinyongo tu. Yawezekana, hata hivyo hoja yake ilipata ushahidi mwaka wa 1941, Ernest Hemingway alipopendekezwa kwa riwaya yake juu ya vita vya Hispania. Nicholas Murray Butler, mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikiona kitabu hicho hakina heshima, akapinga, na mwaka ule riwaya haikupata tuzo. Hemingway akangoja mpaka 1953.

Watu weusi walingoja zaidi. Ilipita miaka 33 tangu tuzo za kwanza hata Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata, mwaka wa 1950, kwa diwani yake Annie Allen.

Muziki uliingia katika orodha mwaka wa 1943, na mshindi wa kwanza alikuwa William Schuman. Kwa miaka mingi muziki uliotuzwa ulikuwa ule wa okestra, wenye asili ya Ulaya. Mwaka wa 1965 waamuzi watatu wa muziki hawakuona kazi mpya iliyostahili, wakashauri heshima maalumu apewe Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi mweusi, kwa kazi aliyoifanya maishani mwake mwote. Baraza likakataa, wala halikutoa tuzo ya muziki mwaka ule. Wawili kati ya waamuzi watatu wakajiuzulu. Ellington, ambaye alikuwa na umri wa miaka 66, alijibu kwa mzaha kwamba majaliwa hayataki apate sifa nyingi mno angali kijana. Kaburi lake lilichimbwa mwaka wa 1974. Tuzo ya kwanza ya jazi ilimwendea Wynton Marsalis mwaka wa 1997. Mwaka wa 1999, Ellington alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, Baraza likampa heshima ile lililomnyima alipokuwa hai. Mwaka wa 2018 tuzo ya muziki ilitolewa kwa Kendrick Lamar, msanii wa rapu. Wazee wa 1965 wangelisema nini?

Ama uandishi wa habari, aibu yake kubwa ilitokea mwaka wa 1981. Janet Cooke wa Washington Post alikuwa ameandika habari za mtoto wa miaka minane aliyetumia dawa za kulevya, akapewa tuzo mwezi wa Aprili. Wahariri wa gazeti alilokuwa akilifanyia kazi hapo zamani waliposoma maelezo ya maisha yake yaliyotangazwa pamoja na tuzo, wakaona hayalingani na yale wanayoyajua. Akahojiwa, akakiri kwamba mtoto yule hakuwapo, amemtunga. Tuzo ikarudishwa siku chache tu baada ya kutangazwa. Tunalopaswa kuliangalia hapa ni kwamba uongo ule haukugunduliwa na waamuzi. Ulifichuliwa na tuzo yenyewe, kwa kuwa ilimweka mwandishi juu ya kilima ambapo kila mtu aliweza kumwona.

Sasa tuje kwetu. Mara mbili tuzo za picha zimetolewa kwa misiba iliyotupata. Wapiga picha wa shirika la Associated Press walituzwa mwaka wa 1999 kwa picha za milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na Tyler Hicks wa New York Times akatuzwa mwaka wa 2014 kwa picha za shambulio la Westgate la Septemba 2013. Lakini tuzo iliyotuhusu zaidi ni ile ya mwaka wa 2006, aliyopewa Caroline Elkins, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kitabu juu ya kambi ambamo Waingereza waliwafungia Wakikuyu wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Elkins alikuta hati nyingi za kambi hizo zimechomwa au hazipo mahali pake, ikambidi aende vijijini kuwasikiliza wazee kwa wanawake, mamia yao, waliopitia humo.

Kitabu hicho hakikupokewa bila ubishi. Elkins alidokeza kwamba huenda waliopotea walifika laki moja na zaidi. John Blacker, mtaalamu wa hesabu za watu, alipitia takwimu za sensa akakadiria mwaka wa 2007 kwamba waliokufa ni yapata 50,000. Wengine walimlaumu kwa kuyategemea mno masimulizi ya wazee. Tuzo haikuumaliza ubishi huo, wala si kazi ya tuzo kumaliza ubishi wa wanahistoria. Idadi zingali zikijadiliwa.

Hata hivyo, mwaka wa 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London, na Elkins akaitwa kuwa shahidi mtaalamu. Mwaka wa 2011, kesi ikiendelea, serikali hiyo ilikiri kwamba majalada ya siri yaliyohamishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, nje ya macho ya watafiti. Mengi waliyoyasimulia wazee yalikutwa humo, yameandikwa kwa mikono ya maofisa wenyewe. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni, akasema serikali yake inasikitika, na kwamba itawalipa Wakenya 5,228 fidia iliyofikia pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Baadhi ya waliohojiwa na Elkins walikuwa wamekwisha kufa. Ukumbusho wao, uliojengwa kwa fedha za Uingereza, ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015.