Ile ya Kuku: Noeli ya Mr. Bean, kutoka Gihembe mpaka Kagarama

Desemba iliyopita niliwauliza wenzangu saba ambao tulikulia pamoja kambi ya Gihembe: ni kichekesho gani cha sikukuu unachokikumbuka kuliko vyote? Watano walijibu bila hata kufikiri: "Ile ya kuku." Wala sikuhitaji kuuliza kuku gani.

Kwa wasiojua, si kuku. Ni bata mzinga, yule ambaye wazee wetu waliosoma Kifaransa wanamwita dindon. Mr. Bean anamwandaa kwa chakula cha Noeli, anamjaza viungo tumboni, halafu anatazama mkono: saa haipo! Imebaki ndani ya ndege. Anaingiza mkono, haufiki. Anaingiza kichwa ili aone vizuri, na kichwa kinanasa. Papo hapo mgeni anabisha mlango. Basi, mtu mzima na koti lake anazunguka chumbani akigonga kuta, na bata mzinga mzima kichwani.

Kule Gihembe tulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kwenye benchi. Leo nataka kuandika historia ya kichekesho hicho, kwa sababu nimegundua kuwa kwa miaka yote hiyo sikuwa nimekiona chote.

Kipindi kinaitwa "Merry Christmas, Mr. Bean". Kilionyeshwa Uingereza mara ya kwanza tarehe 29 Desemba 1992, kwenye televisheni ya ITV. Mwaka huohuo Rwanda ilikuwa ndiyo kwanza inaanzisha televisheni yake. Wazazi wengi wa Gihembe walikuwa bado Masisi na Rutshuru, na ng'ombe wao, na Noeli yao ilikuwa ya kanisani na ya maziwa. Vita vya Masisi vililipuka mwaka uliofuata. Kwa hiyo bata mzinga yule alitangulia safari yetu kidogo tu.

Kwa nini Waingereza walitengeneza vichekesho vya sikukuu? Tarehe 25 Desemba kule karibu kila kitu kinasimama. Maduka yanafungwa, mabasi hayatembei, familia nzima imekaa sebuleni imeshiba, babu na wajukuu, na televisheni ni moja. Zamani chaneli zenyewe zilikuwa chache. Kila kituo kikataka kupata nyumba hizo zote kwa mpigo. Krismasi ya 1977, wachekeshaji wawili Morecambe na Wise walitazamwa na watu zaidi ya milioni 20. Tarehe 29 Desemba 1996, watu zaidi ya milioni 24 walikaa kutazama "Only Fools and Horses", hadithi ya ndugu wawili maskini wa London, Del Boy na Rodney, waliohangaika miaka na biashara za ovyoovyo. Siku ile ndiyo walipata utajiri, kwa saa ya mkononi ya zamani iliyokuwa imetupwa gereji kwao muda wote. Uingereza nzima haikuwa na watu milioni 60 wakati huo. Piga hesabu mwenyewe.

Ukitazama vichekesho vingi vya namna hiyo, kiini ni kilekile: watu wanarudi nyumbani, wanagombana, meza inaharibika, mwishoni wanakaa pamoja. Lazima kuwe na nyumba ya kurudi. Hata kwetu Afrika Mashariki, wachekeshaji tunaowapenda wanachekesha kwa mambo ya familia na kijiji. Kenya walikuwa na Vitimbi ya KBC, na Mzee Ojwang' aliyefariki 2015, akibishana na Mama Kayai. Citizen TV ilikuwa na Papa Shirandula kuanzia 2007, mlinzi wa getini anayemficha mke wake kazi anayoifanya. Lubumbashi walikuwa na Mufwankolo na kundi lake, Kiswahili cha mgodini kabisa, wakiingia kwenye televisheni ya Zaire. Hao wote wanataka ujue lugha yao, na ujue kwao ni wapi.

Mr. Bean hataki hayo. Na haikutokea kwa bahati. Mwaka 1987, kabla hata kipindi hakijaanza, Rowan Atkinson alikwenda tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, akaomba apande jukwaa la wanaozungumza Kifaransa. Waandaaji walishangaa, maana maonyesho ya Kiingereza yalikuwepo. Alitaka kupima kama mwili peke yake unaweza kuchekesha watu wasiosikia neno lake. Ukaweza. Kipindi cha kwanza kikaonyeshwa siku ya Bonane yenyewe, 1 Januari 1990. Vyote kwa jumla ni 15 tu. Watu wengi hawaamini nikiwaambia hivyo, kwa sababu sisi tuliviona mara mia.

Gihembe tulivionea kwenye video. Wale waliofika kambini baada ya kufungwa mnisamehe nieleze. Kambi ilifunguliwa 1997 juu ya kilima, karibu na mji wa Byumba, baada ya mashambulizi ya Mudende. Baridi na ukungu, na makorongo yaliyokuwa yanakula udongo mpaka chini ya nyumba. Mwaka 2021 ilifungwa, watu wakahamishiwa Mahama. Video ilikuwa chumba cha udongo, mabenchi, televisheni moja yenye mgongo mrefu, na diski za kunakili, zile ambazo filamu kumi zinabanwa kwenye diski moja na picha inakuwa kama imemwagiwa maji. Unaingia na sarafu. Ukikosa sarafu unaingia na kuni, au unasimama dirishani.

Na kulikuwa na msimulizi. Mnajua filamu za agasobanuye: marehemu Yanga hapa Rwanda, Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Kenya. Mtu anaongea juu ya picha na kukufasiria. Sasa Mr. Bean haongei, utafasiri nini? Lakini msimulizi wetu alikuwa na deni la kuongea, basi akaongea. Akamtungia maisha yote. Alisema: "Huyu mzee ni mkimbizi. Tazameni chumba chake. Kitanda, jiko, kila kitu humohumo. Hana mke, hana ndugu. Ametokea wapi, hata yeye hajui!" Chumba kizima kilipiga makofi. Tangu siku hiyo, Gihembe Mr. Bean alikuwa mtu wetu. Kila mgeni aliyefika kambini na sanduku moja aliitwa Misita Bini mpaka apate marafiki.

Nikitazama sasa, yule msimulizi aliona sawasawa. Katika kipindi kile cha Noeli Mr. Bean anajiandikia kadi za sikukuu, anazitumbukiza kwenye mlango wake mwenyewe kutoka nje, halafu anaingia ndani na kuziokota kwa mshangao, kama vile kuna mtu amemkumbuka. Anatundika soksi za zawadi tatu: yake, ya Teddy ambaye ni mdoli, na ya panya wa chumbani. Ndiyo familia yake. Na kipindi chake cha Bonane, kile cha Januari 1994, kina marafiki wawili aliowaalika. Wanachoka naye, wanasogeza mbele mishale ya saa ili mwaka mpya ufike haraka, kisha wanakimbilia karamu ya jirani. Mr. Bean analala kwa furaha akidhani sherehe imekwisha.

Diski yetu ilikuwa na mkwaruzo. Ikifika pale kichwa kimenasa, picha inaganda, bata mzinga anabaki hapohapo anatetemeka. Mwenye video anapiga televisheni kofi, inakataa, anarukia kipindi kinachofuata. Kwa hiyo kwetu Noeli ya Mr. Bean iliishia kwenye kicheko. Miaka zaidi ya kumi niliamini kwamba ndio mwisho wa hadithi.

Sasa tuje Kagarama. Ninafanya kazi na vijana wakimbizi wa mjini, wa Kagarama na sekta za jirani. Mjini hakuna uzio, unaishi katikati ya majirani Wanyarwanda na mnaelewana vizuri. Lakini Desemba kuanzia tarehe 20 mtaa unapungua. Majirani wanafunga mageti, Nyabugogo inajaa watu na magodoro na watoto wanaokwenda kwa bibi kijijini kwa Noeli na Ubunani. Ofisi za mashirika nazo zinafunga. Wanaobaki mtaani ni walinzi, mbwa na sisi. Kijana mmoja aliniambia: "Yaya, hiyo wiki mbili ndiyo ninajua kweli mimi ni mkimbizi. Miezi mingine ninasahau."

Basi tarehe 26 tukaazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, nikatafuta kipindi kile kizima. Walikuja kama 20. Nikawaahidi watavunjika mbavu. Na walicheka kweli, kichwa kiliponasa walipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia na yeye akakaa.

Halafu picha haikuganda. Ikaendelea, na mimi nikawa natazama mara ya kwanza kama wao.

Mgeni wa mlangoni ni Irma, rafiki yake wa kike. Mapema alikuwa amemwonyesha kwenye dirisha la sonara zawadi anayoitaka: pete. Pale dirishani kulikuwa pia na picha kubwa ya tangazo, mwanamume na mwanamke wamependana. Mr. Bean akadhani anataka picha. Baada ya chakula anampa: Irma anafungua, ni picha ile. Anasikitika. Mr. Bean anakumbuka, kuna zawadi nyingine! Anatoa kikasha kidogo, cha pete kabisa. Irma anang'aa. Anafungua. Ndani mna kulabu ya kutundikia picha. Irma anaondoka akilia, na Mr. Bean anabaki peke yake bila kuelewa amekosea nini.

Chumba kilinyamaza. Nilitafuta cha kusema, sikupata. Msichana wa miaka 13 akasema kwa hasira kidogo: "Lakini si alimpikia?" Mwingine akasema hakuna aliyemfundisha, angejuaje. Ndipo mvulana mmoja, mpole, ambaye ndugu zake walishapelekwa Marekani na yeye akabaki na shangazi yake, akasema zile kadi yeye anazielewa. Bonane iliyopita alijitumia mesiji kutoka simu ya shangazi kwenda simu yake. "Ili nayo ilie." Wengine wakaanza kucheka, wakaacha.

Usiku ule tuliandika namba za wote kwenye karatasi moja. Tukagawana: kila mtu majina matatu ya kupigia tarehe 1 Januari, hata kama ni kubipu tu. Ilifanyika. Mimi nilipigiwa na wanne, mmoja saa kumi na mbili asubuhi, nikamkaripia kisha nikamshukuru.

Kwa ndugu zangu wa kambini: mliowahi kumwita mtu Misita Bini, mimi pia nilimwita. Na kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: simlaumu mtu kwa kwenda likizo, kila mtu ana mama yake. Naomba tu kabla ya kufunga ofisi mwaka huu mwache projekta moja, na funguo za ukumbi. Shuka tunalo.

Karatasi ya namba bado ninayo, imebandikwa nyuma ya mlango wangu. Mwaka huu tumeongeza majina sita. Kipindi tutakitazama tena chote, mpaka kwenye kulabu, kwa sababu yule msichana wa miaka 13 amesema ana mambo ya kumwambia Irma.