Mgombea binafsi: kesi iliyowapima majaji wa Rufani

Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma jengo jipya la Makao Makuu ya Mahakama ya Tanzania. Ni jengo la kujivunia. Lakini wakati tunasifia kuta, tumesahau kuulizana majaji wa mahakama yetu ya juu kabisa wamekuwa wakiisomaje Katiba.

Hatuna mazoea ya Wamarekani ya kumtaja jaji kuwa mhafidhina au mpenda mageuzi. Majaji wetu huteuliwa na Rais bila kuhojiwa hadharani juu ya misimamo yao. Hata hivyo mirengo ipo, na anayesoma hukumu huiona.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama yake ya rufani ilikwenda nayo. Mwaka 1979 Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, ila mwananchi alisubiri hadi Machi 1988 ndipo aruhusiwe kuzidai mahakamani.

Hapo ndipo anapoingia Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu. Profesa Chris Maina Peter wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1997 cha kesi za haki za binadamu nchini, amezikusanya hukumu za jaji huyo, na ukizisoma unaelewa kwa nini. Kwa Mwalusanya, sheria iliyogongana na haki ilipaswa kuanguka, basi. Katika kesi ya Daudi Pete alibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana watuhumiwa wa makosa fulani. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba, lakini Nyalali akaweka mkazo wake mwenyewe: haki za mtu na wajibu wake kwa jamii huenda pamoja. Mwaka 1994 Mwalusanya akatangaza kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Januari 30, 1995 majaji wa Rufani walikiri kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha wakaiacha hai kwa kuwa Ibara ya 30(2) inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma.

Lakini kesi iliyoipima mahakama hiyo kuliko zote ni ya Mchungaji Christopher Mtikila.

Mtikila, mwenyekiti wa chama cha DP, alifungua shauri Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993. Pamoja na mengine, alitaka Mtanzania asiye na chama aweze kugombea uongozi. Oktoba 24, 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi. Haikuchukua muda. Desemba hiyohiyo Bunge lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyofunga mlango uleule uliofunguliwa na jaji. Mwananchi alishinda mahakamani, akapokonywa ushindi bungeni kabla wino haujakauka.

Mtikila hakuchoka. Mwaka 2005 alirudi Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, na Mei 5, 2006 jopo la Jaji Kiongozi Amiri Manento na Majaji Salum Massati na Thomas Mihayo likaamua kwamba marekebisho yale yenyewe ni batili. Walijenga hoja juu ya fundisho la muundo msingi, lililokuzwa na Mahakama ya Juu ya India: Bunge linaweza kurekebisha Katiba, haliwezi kuzivunja nguzo zake. Serikali ikakata rufaa.

Uzito wa shauri ulionekana katika idadi ya walioketi. Rufaa za kawaida husikilizwa na majaji watatu. Hii ilisikilizwa na saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani. Miongoni mwa wanazuoni walioitwa kama marafiki wa mahakama walikuwa Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwani Mwaikusa, ambaye Julai 2010 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam.

Juni 17, 2010 hukumu ikatoka. Majaji wote saba walisema mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba iliyopitishwa kwa utaratibu unaotakiwa, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Kisha wakafanya jambo linaloniuma hadi leo: wakamshauri Mwanasheria Mkuu na Bunge wautazame msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, unaopinga kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama. Waliiona haki ilipo, wakaiacha mikononi mwa Bunge lilelile lililoizuia.

Wanaoitetea hukumu hiyo wana hoja. Majaji hawapigiwi kura, na mahakama inayojigeuza Bunge ni hatari. Nakubali. Lakini mahakama inayomrudisha mlalamikaji kwa mlalamikiwa wake nayo imejivua kazi.

Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila. Ramadhani, aliyekuwa sasa jaji wa mahakama hiyo, hakuketi kwa kuwa ni Mtanzania. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni ya Katiba hiyo mpya iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu.

Jengo la Dodoma limekamilika. Ibara za 39 na 67 bado zinamtaka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mahakama ilisema kazi ni ya Bunge. Basi Bunge liifanye.