Douglas Nicholls, Mchezaji Aliyekataliwa

Huko Australia, msomaji, iko namna ya kabumbu isiyofanana na hii yetu. Uwanja wake una umbo la yai, kila timu huingiza wachezaji 18, na mpira, ambao nao ni kama yai, huruhusiwa kudakwa kwa mikono, kupigwa ngumi na kupigwa teke, bali kuutupa ni kosa. Ni mchezo unaowafaa watu warefu, wenye kuruka juu. Humo ndimo Douglas Nicholls alimojipatia jina, naye kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 2 tu.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Cummeragunja, kando ya mto Murray, mahali walipotengewa wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1927 alikwenda Melbourne kujaribiwa na timu ya Carlton. Mbio alikuwa nazo, na ushupavu pia. Lakini wakandaji walikataa kumkanda misuli, wakisema kwamba mtu mweusi ananuka. Nicholls akaenda zake Northcote, timu ya chama kidogo zaidi, nao wakapata faida: mwaka 1929 walitwaa ubingwa.

Mwaka 1932 timu ya Fitzroy ilimwita. Siku za kwanza alijitenga pembeni mwa chumba cha kuvalia, maana yale ya Carlton hakuyasahau. Hapo Haydn Bunton, mchezaji mashuhuri kupita wote wa timu ile, akamwendea, akaketi karibu naye, na tangu hapo wakawa wakibadili nguo pamoja. Kwangu mimi tendo hilo dogo lapita mabao yote ya Bunton. Nicholls aliichezea Fitzroy michezo 54, na mwaka 1935 akachaguliwa katika timu ya jimbo la Victoria, wa kwanza katika watu wake.

Magoti yalipomshinda akawa mchungaji wa kanisa, akalitumia jina lake la uwanjani kuwatetea ndugu zake. Katiba ya Australia iliamuru wenyeji hao wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi, hata kura ya mwaka 1967 ilipoifuta sehemu hiyo; naye alikuwa miongoni mwa walioipigania kura ile. Mwaka 1972 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir, na mwaka 1976 akawekwa kuwa Gavana wa Australia Kusini. Hakukaa sana, maana maradhi yalimshika, akajiuzulu mwaka 1977. Alipofariki mwaka 1988 serikali ilimfanyia mazishi ya heshima, na kaburi lake liko Cummeragunja.