Ugomvi wa Yeni Bilioni 20 Nyuma ya Tochi ya Mfukoni

Januari 11, 2025 ilitimia miaka 20 tangu mhandisi Shuji Nakamura na mwajiri wake wa zamani, kampuni ya Nichia ya Japani, wamalize kesi yao kwa mapatano mbele ya Mahakama Kuu ya Tokyo. Siku hiyo ilipita Afrika Mashariki bila kutajwa. Lakini kitu walichokigombania kimo mifukoni mwa watu chungu nzima: kwenye tochi ndogo ya LED, ile inayouzwa Kariakoo, Gikomba na kwenye kila gulio, ikiwa imepangwa kando ya chaja za simu na nyembe.

Ukiishika mara ya kwanza inapendeza. Mwili ni wa aluminiamu nyeusi, hauzidi kiganja, una klipu ya kubana mfukoni na kamba ya mkononi. Kichwa huvutwa mbele kuubana mwanga uende mbali, hurudishwa nyuma kuutandaza. Mwuzaji huielekeza kwenye paa la kibanda mchana kweupe na duara jeupe likaonekana waziwazi. Kwa aliyekulia kwenye tochi ya mawe makubwa mawili na mwanga wake wa manjano, hilo peke yake linatosha kumtoa fedha mfukoni.

Tochi yenyewe ni ya zamani. Hataza ya tochi yenye umbo la bomba ilitolewa Marekani Januari 10, 1899, kwa David Misell, na Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Urusi aliyekuwa akifanya biashara New York, akaijenga kuwa kampuni iliyozaa jina la Ever Ready. Kwa karibu karne nzima kilichobadilika ni kidogo. Waya wa ndani ya globu ukawa wa tangsteni, betri zikaboreka, bei ikashuka. Huku kwetu viwanda vya mawe ya tochi vilikuja miaka ya 1960: Matsushita ya Japani ikajenga chake Dar es Salaam, na Eveready ikawa na chake Nakuru. Globu ilibaki na ila yake ile ile, kwamba sehemu kubwa ya umeme wa betri iliishia kuwa joto, na kuanguka mara moja tu kulitosha kukata waya wake.

Dawa ilikuwa diodi inayotoa mwanga, yaani LED. Nick Holonyak wa General Electric alitengeneza ya rangi nyekundu mwaka 1962, na za kijani zikafuata. Ya bluu yenye mwanga mkali haikupatikana kwa miaka 30. Na pasipo bluu hakuna nyeupe, kwa sababu mwanga mweupe wa tochi za leo ni wa bluu uliopitishwa kwenye unga wa manjano.

Wataalamu wa makampuni makubwa walielekea kwenye zinki selenaidi, iliyokuwa rahisi kukuzwa kwa utulivu maabarani. Galiamu nitraidi waliiacha kwa kuwa fuwele zake zilitoka na nyufa. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, katika Chuo Kikuu cha Nagoya, hawakuiacha. Mwaka 1986 walipata fuwele safi baada ya kuitanguliza tabaka nyembamba ya aluminiamu nitraidi juu ya yakuti, na mwaka 1989 wakafanikiwa kutengeneza upande wa pili wa diodi uliowashinda wengine wote. Hawa wawili wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa katika masimulizi mengi.

Masimulizi hayo humwangukia Nakamura, na si ajabu. Alizaliwa mwaka 1954 katika kisiwa cha Shikoku, akasoma Chuo Kikuu cha Tokushima, na mwaka 1979 akaajiriwa na Nichia iliyokuwa katika mji mdogo wa Anan, kisiwani humo humo. Nichia haikuwa kampuni ya umeme. Ilitengeneza unga unaong'aa wa kupaka ndani ya taa za mirija na vioo vya televisheni. Kwa simulizi yake mwenyewe, Nakamura alifanya kazi takriban peke yake, akichomelea mirija ya kioo kwa mikono yake. Mirija hiyo ilipasuka kwa kishindo mara kwa mara, fosforasi ikawaka, hadi wenzake wakazoea. Bidhaa alizobuni katika miaka 10 ya mwanzo hazikuuzwa vizuri, na wakubwa zake walimwona mtu wa kula fedha za kampuni.

Mwaka 1988 aliwaruka wakubwa hao wote akaenda moja kwa moja kwa mwanzilishi wa kampuni, mzee Nobuo Ogawa, kumwomba fedha za kutafuta diodi ya bluu. Mzee alikubali. Alimpa takriban dola milioni 3 za Marekani, fungu kubwa mno kwa kampuni ya ukubwa ule, akamruhusu pia kwenda Chuo Kikuu cha Florida kwa mwaka mmoja kujifunza mtambo wa kukuzia fuwele kwa gesi. Nakamura amesimulia jinsi watafiti wa kule walivyomchukulia kama fundi mitambo tu, kwa kuwa hakuwa na shahada ya uzamivu. Alirudi nyumbani na hasira iliyomfaa kazini.

Alipofika, uongozi ulikuwa umehamia kwa mkwe wa mzee, Eiji Ogawa. Amri ya kuacha kazi ya galiamu nitraidi ilitolewa. Nakamura hakuitii. Asubuhi aliufungua mtambo na kuyapanga upya mabomba yake, mchana akakuza fuwele, jioni akapima. Mwishowe alipata njia ya kupitisha gesi mbili kwa wakati mmoja, moja ikitoka ubavuni na nyingine ikishuka kutoka juu kuikandamiza ile ya kwanza ikae juu ya kipande cha yakuti. Njia hiyo iliandikishwa kwa hataza ambayo Japani huitambua kwa tarakimu zake tatu za mwisho, 404. Novemba 1993 Nichia ilitangaza diodi ya bluu yenye mwanga mkali. Mwaka 1996 ikaleta nyeupe, na hapa wafanyakazi wengine wa Nichia waliostahili kutajwa husahaulika: ni wao waliochukua ujuzi wa kampuni wa kutengeneza unga unaong'aa wakaupaka juu ya chipu ya bluu.

Kwa hataza ile Nakamura alilipwa zawadi ya yeni 20,000, kama dola 200 hivi.

Aliondoka Nichia mwishoni mwa 1999, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Nichia ikamshtaki Marekani kwa madai ya siri za biashara. Naye mwaka 2001 akaishtaki Nichia Tokyo, akidai haki ya mvumbuzi. Kampuni ilishikilia kwamba mafanikio yalikuwa ya wafanyakazi wengi, kwamba yenyewe ndiyo iliyobeba hasara ya miaka ya majaribio, na kwamba njia ya 404 ilikuwa imeachwa kiwandani. Januari 30, 2004 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilipiga hesabu yake: fungu la mvumbuzi lilikuwa yeni bilioni 60. Kwa kuwa Nakamura alikuwa ameomba bilioni 20, mahakama iliagiza alipwe hizo bilioni 20 zote. Wakuu wa viwanda Japani walishtuka, na wahandisi walioajiriwa wakaanza kuuliza maswali. Nichia ilikata rufaa. Mwaka mmoja baadaye, kwa shinikizo la majaji wa rufaa, pande mbili zilipatana kwa takriban yeni milioni 843, riba ikiwemo. Nakamura alikubali huku akiulaani hadharani mfumo wa sheria wa nchi yake. Baada ya yeye, Akasaki na Amano kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, alijaribu kunyoosha mkono wa upatanisho kwa Nichia. Kampuni ilikataa kukutana naye.

Wakati wakubwa hao wakigombana, diodi nyeupe ilikuwa imeshafika viwanda vya Uchina, ikatengenezwa kwa wingi na bei ikaporomoka. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100 yenye tochi kichwani, na simu za jinsi hiyo zikabatizwa kitochi Tanzania na mulika mwizi Kenya. Ziwa Victoria nako wavuvi wa dagaa walianza kuzipunguza karabai na kuwasha LED.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiwemo Arne Jacobson wa Chuo Kikuu cha Humboldt na Evan Mills wa Maabara ya Lawrence Berkeley, walizichunguza tochi hizi katika miji ya Kenya kama Kericho na Talek. Walikuta LED zinaifukuza globu madukani kwa kasi kubwa. Wakakuta pia malalamiko. Watumiaji wengi waliofuatiliwa waliripoti hitilafu ndani ya miezi michache tu. Hofu ya watafiti ilikuwa kwamba mtu aliyevunjwa moyo na tochi mbovu ataikataa LED yoyote, hata ile nzuri ambayo ingemwondoa kwenye koroboi.

Fundi yeyote wa redio anayezifungua anajua ila ziko wapi, na ni mara chache huwa kwenye ugunduzi wa Anan. Diodi ya bluu huhitaji kama volti 3. Kiwanda kinachobana matumizi huiunganisha na betri tatu nyembamba zenye volti 4.5 bila kuweka rezista ya kupunguza umeme, na diodi ikaungua kabla ya siku zake. Tochi za kuchaji hutiwa betri ndogo ya asidi ya volti 4, ambayo ikiachwa tupu wiki chache huharibika kabisa. Zile za lithiamu huandikwa uwezo wa milliampea-saa zaidi ya 9,000, wakati betri halisi za ukubwa ule, namba 18650, kwa kawaida hazifiki hata 4,000. Swichi ni ya plastiki laini, springi ni ya bati linaloshika kutu. Kazi iliyomgharimu mtu miaka ya maisha yake inauawa na kipande cha senti chache, na hilo linauma.

Mradi wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ulioanza 2007, ulisaidia kuleta vipimo vya ubora, lakini nguvu yake iliwekwa kwenye taa za sola. Tochi ya kawaida ya betri ikaachwa ijitetee yenyewe. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilitangazwa kufungwa mwaka huo huo wa Nobel, 2014, na tangu hapo rafu zimezidi kujaa bidhaa za nje.

Marekani ina kiwango cha tochi kiitwacho FL1 tangu 2009. Kinataka pakiti ionyeshe lumeni zilizopimwa baada ya tochi kuwashwa walau sekunde 30, na muda hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, tayari yana utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa meli. Kudai namba hizo mbili kwenye kila pakiti, ziwe za kweli, lingekuwa jambo dogo kwao na kubwa kwa mkulima anayetoka zizini saa nane za usiku. Mpaka hilo lifanyike, mnunuzi ana haki ya kuiwasha tochi dukani dakika 10 nzima, aifungue nyuma, aitazame springi na kusoma jina la betri kabla ya kulipa, na mwuzaji asione kero.