Kwa Nini CD Bado Zinanunuliwa Adumi

Wenzangu wengi darasani huiona CD kama kitu cha makumbusho. Kwetu Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, wapo wanaoinunua mpaka leo, na sidhani wanafanya hivyo kwa ushamba.

CD za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony. Kwetu ilichelewa. West Nile ilikaa miaka mingi bila kuunganishwa na gridi ya taifa, na kaseti iliridhika na betri. Lakini wapenzi wa rumba walikuwa na sababu ya kuitafuta CD. Franco alifariki 1989. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Sonodisc ya Paris ilitoa upya nyimbo zake nyingi kwa CD, na mwaka 2008 Sterns ya London ikatoa Francophonic, CD mbili zenye kijitabu cha maelezo. Kwa mwanafunzi wa historia, kijitabu hicho ni nusu ya mali. Wimbo ule ule ukinunuliwa kwenye memori kadi sokoni huja na jina moja tu: "Track 01". Nani aliimba, lini, wapi? Kimya.

Sababu nyingine ni ya kisiasa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa karibu siku 5. Waliotegemea mtandao walikaa bila muziki. Deki ya baba mdogo iliendelea kuimba. (Alitucheka sana.)

Hata hivyo, naona sababu kubwa zaidi ni nyimbo zetu wenyewe. Kwaya na wapiga adungu hurekodi kwa Kilugbara, wananakili CD chache, wanauza harusini na kanisani. Anayenunua anampa mwimbaji fedha mkononi, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya 2006 haijaweza kulihakikisha kwenye vibanda vya kunakili. Nyingi hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Nazo CD za kunakiliwa hazidumu: rangi inayobeba sauti hufifia kwa joto na mwanga.

Baba mdogo anayo moja ya kwaya, majina ya waimbaji wote yameandikwa kwa kalamu kwenye jalada. Wimbo wa tatu umeanza kurukaruka. Hakubali kuiazimisha hata siku moja, kwa hiyo likizo hii nitabeba kompyuta niipeleke kwake.